Maneno huumba, lakini si kila kitu

"Maneno huumba." Usipoisikia kauli hii kanisani Jumapili, utaisikia kwa mhamasishaji aliyeshika kipaza sauti ukumbini. Usijitamkie umaskini, usiseme umeshindwa, jinenee mema. Wanaoamini hivyo hawabahatishi tu, ingawa wengi wao hawajui ushahidi wao unatoka wapi.

Mwaka 2014 Anthony Blanchfield, Samuele Marcora na wenzao walichapisha utafiti uliohusisha watu 24 walionyonga baiskeli za maabara mpaka nguvu zikawaishia. Kisha nusu yao wakafundishwa kwa wiki mbili kujisemesha: kila mmoja ajichagulie maneno ya kujitia moyo na ajue ni wakati gani wa kuyatumia. Waliporudi kwenye baiskeli, waliofundishwa walidumu kwa takriban asilimia 18 zaidi ya mwanzo. Wenzao walibaki palepale. Kazi ilikuwa ileile, ila waliofundishwa waliiona nyepesi zaidi. Kwa hiyo bibi anayejisemesha peke yake jikoni, "haya mama, bado kidogo tu", tusimcheke.

Ila mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake huko Kanada walikuwa wamekwisha kujaribu jambo linalofanana na hilo na kupata jibu la kushtua. Waliwataka watu wajirudierudie kwamba wao ni watu wa kupendwa. Wale waliokuwa tayari wanajithamini walinufaika kidogo. Wale wanaojidharau, ambao ndio hasa tunawaandikia kauli hizi kwenye kuta na kwenye status za WhatsApp, walijisikia vibaya zaidi. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mtu akitamka sifa asiyoiamini, moyo wake humjibu papo hapo kwa ushahidi wa kinyume, na anabaki anasikiliza ushahidi huo.

Nikiziweka tafiti hizi mbili pamoja, naona tofauti ambayo wahamasishaji wengi wanairuka. Mwendesha baiskeli alijiambia jambo kuhusu kazi iliyo mbele yake, tena kwa maneno yake mwenyewe. Yule wa Kanada alipewa hukumu kuhusu nafsi yake, imeandikwa na mtu mwingine.

Tazama pia tulivyomfanyia Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1:59:40, na kauli yake kwamba hakuna binadamu mwenye kikomo ikasambaa duniani. Tuliibeba kauli, tukaacha mizigo iliyoisindikiza: wadhibiti kasi 41 waliopokezana kumkinga upepo, gari lililomulika mstari barabarani, njia tambarare iliyochaguliwa makusudi, viatu maalumu, na miaka mingi ya mazoezi chini ya kocha Patrick Sang. Msaada huo ndio uliofanya muda ule usihesabiwe rekodi rasmi. Agosti 2024 kwenye Olimpiki ya Paris mgongo ulimsumbua, akaacha mbio baada ya kilomita thelathini hivi. Sidhani kama siku hiyo alipungukiwa imani.

Kinachoniudhi zaidi ni "jikaze". Kwa mkimbiaji wa kilomita ya 35 ni neno zuri, kwa kuwa anajua akaze nini na mstari wa mwisho uko wapi. Kwa baba aliyeachishwa kazi na halali usiku, linamfunga mdomo tu. Akijaribu kueleza anaambiwa mwanaume halii. Akisisitiza, Dodoma nzima itamtania kwamba apelekwe Mirembe, kana kwamba hospitali ya taifa ya afya ya akili ni tusi. Tunamwita dhaifu, halafu tunashangaa kwa nini hakusema mapema.

Katika hili, Zimbabwe wametutangulia. Daktari Dixon Chibanda husimulia kwamba alipoanza kuwaweka bibi wa mitaani kwenye mabenchi nje ya kliniki za Harare ili wasikilize wenye msongo, benchi liliitwa la afya ya akili, na watu hawakulitaka. Bibi wenyewe walishauri libadilishwe jina, likawa Benchi la Urafiki. Nao hawamwambii mgonjwa ana sonona. Wanatumia neno la Kishona analolitumia mwenyewe, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi.

Mtetezi wa "maneno huumba" atashangilia, na ana haki ya kushangilia, kwani bila jina lile watu wasingekaa. Lakini baada ya kukaa, bibi aliyefunzwa anamtaka mtu ataje matatizo yake yote, achague moja, apange hatua anayoiweza wiki hiyo, kisha arudi kusema ilivyokwenda. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016, watu 573 kutoka kliniki 24 walishirikishwa. Baada ya miezi sita, waliopitia kwa bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa.