Simu si sababu ya kunipa nusu ya tovuti

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema sisi tunaotumia intaneti kwa simu tunatosheka na toleo jepesi la tovuti, eti tunachotaka ni kuchungulia haraka na kuondoka. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Enzi za WAP (teknolojia ya awali ya kufungua kurasa nyepesi za intaneti kwenye simu), mwishoni mwa miaka ya 1990, hoja hiyo ilikuwa na mashiko: kioo kidogo, mtandao wa kusuasua, simu isiyoweza kubeba zaidi. Lakini Januari 2007 Steve Jobs alipoitambulisha iPhone, alifungua jukwaani ukurasa kamili wa gazeti la New York Times na kuukuza kwa vidole. Kisingizio kilianza kufa siku ile.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: natumiwa kiungo cha makala, nabofya, tovuti inagundua niko kwenye simu na kunitupa ukurasa wa mwanzo wa toleo la simu. Makala yenyewe siioni. Nikiisaka mpaka niipate, majedwali yameondolewa, na fomu haina mahali pa kupakia faili. Kwa wengi simu ndiyo kompyuta pekee (hili mwandishi kalipita kimya), kwa hiyo kilichofichwa hapo hawakipati popote.

Kurasa nzito zinamaliza bando, kweli. Basi punguzeni uzito wa picha na matangazo, habari iacheni. Mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alishaeleza mwaka 2010 jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga upya kulingana na upana wa kioo. Wanaoendelea kututengea tovuti ya pembeni watuambie kwa nini.