Si kila mchungwa unaougua unahitaji kinga kali zaidi

Kila inapotoka habari ya magonjwa ya michungwa, swali huwa lilelile: jeni ya kinga iko wapi, na miti itapandikizwa lini? Swali hilo linanikera, kwa sababu linaichukulia kinga kuwa kitu ambacho mti ama unacho ama hauna. Ukiyatazama kwa makini magonjwa mawili yanayoitesa sana jamii ya michungwa, utaona kuwa shida iko kwenye mawasiliano ya seli. Nani ametuma ujumbe, nani ameupokea, na ukishapokelewa, nani anauzima.

Tuanze na kanka. Jani lililoshikwa huwa na vidonda vidogo vilivyotuna, vinakwaruza ukivipapasa, na kila kimoja kimezungukwa na duara la njano. Ni rahisi kudhani kwamba bakteria, Xanthomonas citri, wamelitafuna jani. Sivyo. Uvimbe ule umetengenezwa na mti wenyewe. Bakteria hupenya kwenye vitundu vya jani, hukaa katikati ya seli, kisha huzidunga protini iitwayo PthA4. Protini hiyo huenda moja kwa moja hadi kwenye kiini cha seli, hutafuta mfuatano fulani wa herufi za DNA ulio mbele ya jeni ya CsLOB1, huung'ang'ania, na jeni huamka. Seli huvimba na kugawanyika, ngozi ya jani hupasuka, bakteria hutoka nje, na mvua yenye upepo huwapeleka kwenye mti wa jirani. Uhusiano huo wa PthA4 na CsLOB1 ulichapishwa mwaka 2014, na kwangu mimi ulibadilisha kabisa namna ya kuutazama ugonjwa huu. Mti umepokea amri ya kughushi na kuitii.

Hapo kuongeza kinga si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kufuta mahali amri hiyo inapotua. Mwaka 2017 watafiti wa China walifanya hivyo kwa CRISPR, mbinu ya kukata na kuhariri DNA mahali palipochaguliwa, kwenye chungwa la aina ya Wanjincheng: walivuruga herufi zile zinazoshikwa na PthA4, na miti ikaonyesha ukinzani mkubwa. Balungi la aina ya Duncan lilikuwa na mkasa wake. Balungi ni mtoto wa furungu na chungwa, na chungwa nalo ni mchanganyiko wa furungu na chenza, kwa hiyo nakala mbili za jeni moja ndani ya seli zinaweza kutofautiana. Watafiti wa Florida walipohariri sehemu ya mbele ya nakala moja tu, nyingine iliendelea kuupokea ujumbe wa bakteria wa kawaida, na vidonda vikatokea. Walipoigeukia jeni yenyewe ndipo wakapata miche ambayo haikuonyesha dalili. Anayedhani kwamba kuhariri jeni ni kazi ya kubonyeza kitufe autafakari mfano huo.

Ugonjwa wa pili ni huanglongbing, na huu ndio unaoniuma. Huko Florida uligunduliwa mwaka 2005. Katika msimu wa 2003–04 jimbo hilo lilivuna zaidi ya masanduku milioni 240 ya machungwa. Msimu wa 2022–23 hayakufika milioni 20, ingawa vimbunga navyo vilichangia. Bakteria wake, Candidatus Liberibacter asiaticus, huletwa na kidudu kinachofyonza utomvu, Diaphorina citri, nao huishi ndani ya floemu, mirija inayosafirisha sukari. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba wanaiziba mirija hiyo. Mwaka 2022 kundi la Nian Wang wa Chuo Kikuu cha Florida lilitoa ushahidi wa jambo zito zaidi: madhara mengi yanatokana na mti kujihami. Seli za floemu zikihisi bakteria humwaga kemikali kali za oksijeni na kujaza kalosi, dutu ya kuzibia, kwenye vitundu vya mirija. Kwa ugonjwa wa jani ni ulinzi mzuri, kwani jani hudondoka na mti ukabaki. Ndani ya floemu mwitikio hauna pa kuishia. Seli zinakufa, wanga unarundikana kwenye majani, mizizi inakosa chakula. Kundi hilohilo lilionyesha kwamba homoni ya jiberelini, pamoja na vizuia oksidi, hupunguza madhara. Dawa zilizosaidia zilikuwa za kuutuliza mti.

Sasa fikiria mtu anayeingiza jeni ya kuupa mti huo mwitikio mkali zaidi. Anaweza kuuharakishia kifo.

Sisemi kwamba vipokezi, yaani protini ambazo seli hutumia kumtambua adui, havina maana. Kwa kanka, aina zinazotambua haraka kipande cha mkia wa bakteria, kama kumkwati (jamaa mdogo wa chungwa), hustahimili vizuri kuliko balungi. Ninachosema ni kwamba ukali na muda wa mwitikio vinapaswa kupimwa ugonjwa kwa ugonjwa.

Naunga mkono uhariri wa jeni wa namna hii bila kusita. Kufuta herufi chache ambazo bakteria amejifunza kuzitumia si sawa na kuleta jeni ya kiumbe kingine, na sheria zinazoyaweka mambo hayo mawili kapu moja zinaichelewesha kazi hii bure. Uzalishaji wa kawaida hautatosha peke yake: mche wa mbegu hukaa miaka mingi kabla ya kuchanua, na mbegu nyingi za machungwa huzaa nakala tupu za mama. Huku tukingoja, mashamba yanapuliziwa shaba kwa ajili ya kanka, na tangu 2022 vigogo vya michungwa ya Florida vinadungwa oksitetrasaiklini, antibayotiki wanayotumia pia binadamu.

Chenza la Sugar Belle, lililotolewa kwa wakulima mwaka 2009, hubeba bakteria wa huanglongbing na bado huzaa, kwa sababu hutengeneza floemu mpya kufidia iliyokufa. Kwa hiyo kwenye vitalu vya majaribio ningependa kuhesabu bakteria kusiwe kipimo kikuu cha kuchagua mche. Ipimwe kalosi, zipimwe kemikali za oksijeni wiki baada ya wiki, na mche unaotulia mapema uruhusiwe kwenda shambani hata kama bakteria bado wamo ndani yake.