Pato la siku, kodi ya miezi sita

Jumamosi asubuhi nilikuta godoro barabarani, Ngamiani, hapa Tanga mjini. Limekunjwa, limefungwa kwa kanga na kuegemezwa kwenye nguzo ya umeme. Pembeni yake karai, jiko la mkaa, begi la madaftari ya watoto na ndoo ya mchele uliolowekwa. Mwenye vitu ni dada anayeniuzia vitumbua, mwaka wa nne sasa. Mchele ule ulikuwa wa kusaga jioni, Jumapili alfajiri akaange. Watu wanamuuliza atalala wapi na wanawe wawili, yeye anahangaika kutafuta jirani wa kumwekea ndoo kivulini, maana jua likiupiga mchele unachacha.

Hakuwa anadaiwa hata mwezi mmoja. Narudia, kwa sababu tayari nimesikia watu wakisema "alipe kodi ya watu". Miezi sita yake ilikwisha, mwenye nyumba akataka sita mingine kwa mkupuo, naye mkononi alikuwa na ya miwili. Akabembeleza aipokee hiyo. Akakataliwa, na chumba kikaoneshwa mtu mwingine.

Tufanye hesabu. Chumba chake ni Sh 40,000 kwa mwezi. Akishatoa mchele, mafuta, nazi na mkaa, vitumbua vinamwachia Sh 6,000, siku nzuri 7,000. Kodi ya mwezi ukiigawa kwa siku haifiki 1,400. Hiyo anaiweza, na miaka minne ameiweza. Asichokiweza ni kutoa Sh 240,000 kwa siku moja, na akihama ni 280,000, kwa kuwa dalali naye anadai ya mwezi mzima kwa kumwonesha chumba. Safari iliyopita aliziba pengo kwa mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kali. Akawa anarejesha kila wiki, na marejesho yale ndiyo yaliyokula akiba ambayo ingekuwa kodi ya safari hii. Mwanamke huyu ametolewa nje na utaratibu wa malipo. Pesa ya kukaa chumbani anayo.

Mimi nimekulia chumba cha kupanga, Makorora, enzi Tanga bado ni ya kiwanda cha mbolea, cha chuma, na mkonge. Mwisho wa mwezi bibi mwenye nyumba alitandika mkeka ukumbini, wapangaji wakapita mmoja mmoja, "Shikamoo bibi", wakaweka pesa, naye akaweka alama kwenye daftari lake. Baba akichelewa kidogo alimwambia, "Mwanangu, ukipokea utaniona." Kodi ilikuwa ya mwezi kwa sababu mshahara ulikuwa wa mwezi. Viwanda vikafungwa, watu wakahamia kwenye pato la siku: bodaboda, mama lishe, kubeba mizigo sokoni Mgandini. Ungetegemea kodi nayo ifupike imfuate mtu alipo. Imerefuka. Na tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta la Uganda liwekwe Chongoleani mwaka 2017, wapo wenye nyumba wanaokuambia wazi wanamsubiri mgeni wa mradi, atakayelipa mwaka.

Najua, wenye nyumba wengi si matajiri. Wengine ni wajane wenye nyumba ya urithi ya vyumba sita, na bati likitoboka hawana pengine pa kutoa pesa isipokuwa kwenye kodi hiyo. Wapo pia wapangaji wanaohama usiku. Sawa. Lakini tahadhari dhidi ya mkorofi mmoja isiwe adhabu ya mtaa mzima, na amana ya mwezi mmoja ingetosha kumlinda mjane huyo.

Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984, yenye mabaraza ya kusikiliza mpangaji na mwenye nyumba. Ikafutwa 2005. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, sharti hilo likaondolewa 1991, na tangu hapo anayetunga sheria ya mpangaji anaweza kuwa mwenye nyumba mwenyewe. Kodi ya jengo, ile ya serikali, nayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa, hata kama jengo si lake.

Naomba kitu kimoja, na nakiomba kwa moyo wote kwa mbunge na diwani yeyote wa Tanga atakayesoma hapa: iwe marufuku kumdai mpangaji wa chumba zaidi ya mwezi mmoja mbele. Kujenga nyumba za bei nafuu kunataka mabilioni na miaka. Hili linataka kura bungeni na mwenyekiti wa mtaa mwenye nguvu ya kulisimamia.

Yule dada sasa analala kwenye ukumbi wa jirani, kwenye njia ya kati baina ya vyumba vya watu. Anatandika saa nne usiku wapangaji wote wakishaingia ndani, na saa kumi alfajiri anakunja kabla hawajaanza kupishana kwenda uani. Watoto wanalala ubavu mmoja, wamebana ukutani, ili anayetoka chooni asiwakanyage. Jana nilipokwenda kununua vitumbua alikuwa amekaa pale pale pa siku zote, na mdogo amesinzia mgongoni pake, na sare ya shule mwilini.