Mpira Upo, Ufunguo Haupo

Siku tatu baada ya bonanza, Jumanne saa kumi jioni, watoto sita walikuja mlangoni kwa ofisi yangu. Mkubwa wao hakuzidi miaka kumi na minne. "Shikamoo, mwalimu," akasema, maana mjini kwetu afisa michezo huitwa mwalimu hata kama hajawahi kushika chaki. Alitaka kuazima mpira. Mmoja tu, na wangeurudisha kabla ya adhana ya magharibi.

Mipira ilikuwepo. Dazani nzima, mipya, bado imo kwenye nailoni zake, imepangwa stoo pembeni ya makabrasha ya miaka iliyopita. Ila mtunza stoo alikuwa kwenye kikao na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Nikawaambia waje kesho. Kesho yake aliyekuwa kikaoni ni mimi.

Kazi ile nimeshaiacha. Kwa miaka mitatu niliratibu michezo na burudani za vijana kwenye halmashauri moja ya mji hapa Tanzania. Sitaitaja, kwa sababu kosa lake ni la halmashauri nyingi, na sehemu ya kosa hilo niliitia saini mwenyewe. Ninachotaka kusema ni kidogo tu: tumekuwa hodari wa kuandaa siku ya michezo, jioni ya kawaida imetushinda.

Bonanza lile tuliliandaa kwa wiki tano. Palikuwa na kamati ya maandalizi, kamati ndogo ya chakula na kamati ndogo ya itifaki. Barua kwa polisi, barua kwa mkuu wa shule yenye uwanja, barua kwa mgeni rasmi, na barua nyingine ya akiba kwa mgeni rasmi wa pili endapo wa kwanza angepata udhuru. Jezi ziliandikwa jina la halmashauri kifuani, na mgongoni kaulimbiu ndefu hata namba ya mchezaji ikakosa pa kukaa. Mechi ya kwanza ilikuwa saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa tano na dakika arobaini. Hakuna timu iliyoruhusiwa kugusa mpira kabla hajakagua wachezaji, basi watoto wakakaa juani na jezi zao mpya mpaka maji yakawaishia. Ikabidi mechi zifupishwe, dakika kumi kila kipindi. Hotuba haikufupishwa.

Kwenye hotuba akatajwa mwanasoka Mbwana Samatta. Hutajwa kila mara. Mtoto wa Mbagala aliyefika Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020, na nyinyi mkijituma mtafika. Nilikuwa napiga makofi pamoja na wengine.

Jumatatu nikaandika taarifa: "Vijana 640 walishiriki." Nilizipata vipi? Nilihesabu wachezaji wote, nikahesabu mstari mmoja wa watazamaji, nikazidisha kwa mistari niliyoiona, nikajumlisha na waliopanda ukutani. Ndani ya hao 640 wamo wauza barafu, na wamo wazee wawili waliokuja kujikinga jua chini ya turubai. Taarifa ilisifiwa. Mwaka uliofuata tuliambiwa tuvuke 700, na tukavuka.

Neno linaloiharibu kazi hii, kwa maoni yangu, ni "vipaji". Kila andiko la michezo la halmashauri limebeba maneno "kuibua vipaji", na usipoyaandika hupati hata masurufu ya mafuta ya gari. Ukishaliandika neno hilo, umeshakubali kwamba mtoto anapewa mpira ili tumchuje. Asiye na kipaji, ambaye ndiye wengi wetu tulivyokuwa, hayumo kwenye mpango. Anayetaka kukimbia na wenzake baada ya shule, apige mpira juu ya bati la jirani, agombane, asamehewe, arudi nyumbani amechoka, huyo hana kifungu kwenye bajeti yetu.

Sina ugomvi na UMITASHUMTA wala UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari. Nimesafiri nazo, nimelala na vijana madarasani juu ya magodoro ya kukodi, na nimeona binti wa kijijini akishuka kwenye basi mji mwingine kwa mara ya kwanza katika maisha yake, macho yamemtoka. Lakini mashindano hayo ni chujio. Shule, kata, wilaya, mkoa, taifa, kila hatua kazi yake ni kumrudisha mtu nyumbani. Aliyerudishwa kwenye ngazi ya kata tunamfanyia nini kuanzia Julai mpaka Juni nyingine? Hapo ndipo halmashauri ilipopaswa kuanza kazi, na hapo ndipo tunapofunga stoo.

Halafu hilo neno "vijana" lenyewe. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamtaja kijana kuwa mwenye miaka 15 hadi 35. Kwa mikopo na ajira nadhani inafaa. Uwanjani ina maana kwamba programu yangu ya vijana ilimilikiwa na wababa wa miaka 33, wenye vitambi vinavyoanza, ambao walikuwa wakifika saa kumi na moja na kuwaambia wale wadogo "pisheni". Wadogo wanapisha, watafanyaje. Chini ya miaka kumi na mitano ukienda kwa idara ya elimu unaambiwa mambo yao yanaishia muda wa masomo. Ukienda maendeleo ya jamii unaulizwa kikundi chao kimesajiliwa?

Pesa nayo ina kichekesho chake. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Ila nimekaa kwenye vikao vya bajeti ambako kila nikinyanyua mkono kuhusu mipira najibiwa kwamba vijana wameshatengewa asilimia zao. Nne, nne, mbili. Mfumo mzuri wa uchezaji, tatizo lake hauna mpira ndani.

Siwalaumu sana wakubwa zangu wa zamani. Ukomo wa bajeti ukishuka, unapokuwa na zahanati isiyo na bati na barabara iliyokatika, afisa michezo huwezi kupiga kelele ukaonekana una akili timamu. Hata uwanja. Kwenye kata moja, goli la upande wa kaskazini tuliling'oa mwaka 2021 kupisha madarasa ya fedha za kukabili UVIKO-19, yaani korona. Darasa na goli vikishindanishwa, goli litafungwa tu. Kilichobaki pale ni nusu uwanja wenye mteremko, na watoto wakajitungia sheria yao kwamba timu inayocheza kuteremka inaanza ikiwa nyuma bao moja. Sheria hiyo haikutoka BMT, Baraza la Michezo la Taifa, na nimeona inaheshimiwa kuliko nyingi zilizotoka huko.

Wasichana ndio walionifundisha zaidi. Mwaka wangu wa kwanza tulitangaza netiboli kila siku saa kumi jioni, tukachimbia nguzo, tukaleta mpira. Walikuja wanne. Wiki ya pili mmoja. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaandika kwenye taarifa kwamba "mwamko wa wasichana ni mdogo". Mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja mtu mzima, aliisoma ile sentensi akacheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, saa kumi mtoto wa kike yuko wapi?" Yuko bombani, yuko jikoni, yuko na mdogo wake mgongoni. Akanishauri nijaribu Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, kabla kazi za nyumba hazijakolea, na watoto wadogo waje nao. Jambo la pili aliloniambia: "Na hiyo netiboli yenu ya filimbi, waachieni rede kwanza."

Rede haihitaji halmashauri. Wawili wanasimama pembeni na mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, akijaza mpaka mdomoni na kumwaga bila kupigwa ameshinda. Jumamosi ya kwanza walikuja ishirini na kitu, na safari hii nilihesabu vichwa, sikuzidisha mistari. Kulikuwa na duara tano za rede, watoto wadogo wamekaa kwenye kanga chini ya mwarobaini, na wasichana wakubwa wakipiga kelele ambazo sikuwahi kuzisikia kwenye netiboli yangu. Baada ya mwezi mmoja wao wenyewe wakauliza zile nguzo zinatumikaje. Kwenye fomu ya robo mwaka sikupata pa kuandika rede. Niliandika "michezo mingineyo".

Kuna watakaonitajia Kidongo Chekundu, kile kituo cha vijana cha Dar es Salaam alichokizindua Rais Kikwete mwaka 2015, kwamba ndicho cha kuigwa. Ni kizuri, ila nyasi bandia zilihitaji wafadhili, na wafadhili hawaji kwenye kila mji wa wilaya. AFCON ya 2027 nayo inakuja huku kwetu, Kenya na Uganda, na viwanja vinajengwa. Nitakwenda kutazama. Ila hakuna mtoto wa kata yangu atakayeruhusiwa kukanyaga nyasi zile jioni ya Jumanne, na Jumanne ndiyo ninayoizungumzia.

Bonanza letu la siku moja lilikula kama milioni nne na nusu: jezi, medali, maturubai, spika, chakula cha meza kuu. Sasa mtafute mtu mmoja kila uwanja, anayekaa jirani, anayeaminika mtaani, umpe posho ya shilingi 5,000 kwa jioni, siku tano kwa wiki, wiki arobaini. Hiyo ni milioni moja kwa mwaka. Kwa pesa ya bonanza unapata watu wanne kwenye viwanja vinne, na laki tano inayobaki inanunua mipira kumi na minne ya 35,000. Sikufanya hesabu hii nikiwa kazini. Niliifanya nyumbani, baadaye, nyuma ya kadi ya mwaliko wa bonanza jingine.

Na mtunza stoo? Kwa muda mrefu nilimwona ndiye adui. Kumbe mpira ukipotea unaweza kukatwa kwenye mshahara wake. Kwenye leja, mpira uliochezewa mpaka ukapasuka ni hasara inayohitaji maelezo, na mpira uliokaa stoo miaka mitatu mpaka ngozi ikababuka bado unahesabika kuwa mali, tena uko "katika hali nzuri". Mtu yeyote mwenye akili angefunga mlango.

Mwaka wangu wa mwisho nilizunguka. Karibu na kile kiwanja cha nusu palikuwa na mama muuza mihogo ya kukaanga, ana meza yake, jiko lake, na sauti ya kutosha kumsimamisha mtoto aliye upande wa pili wa barabara. Nikampelekea mipira mitatu, pampu, sindano mbili za pampu (moja hupotea siku ileile, usibishe), na daftari la mistari. Posho sikuwa nayo. Alisema hahitaji, watoto wakiwa wengi na mihogo inatoka. Masharti aliyaweka mwenyewe: wadogo mpaka saa kumi na moja na nusu, wakubwa baada ya hapo. Mtu mzima akija kuwaambia watoto "pisheni", mama ananyanyua mwiko.

Ilikwenda hivyo miezi saba. Kisha wakaja wakaguzi wa ndani, wakafungua leja, wakauliza mipira mitatu iko wapi. Nikasema ukweli. Ikaandikwa hoja: mali ya halmashauri iko mikononi mwa mtu asiye mtumishi, bila hati ya makabidhiano. Kwa utaratibu hoja ile ilikuwa sahihi. Ili ifungwe ilinibidi niirudishe mipira stoo, nikaenda kuichukua mwenyewe kwa bodaboda. Mmoja ulikuwa umeisha rangi kabisa, huoni tena hata chapa yake. Mtunza stoo aliupokea, akaugeuza, akauandika "chakavu".

Daftari hakuna aliyeliulizia, nimebaki nalo. Karibu kila ukurasa una doa la mafuta ya mihogo. Watoto waliandika majina yao wenyewe, wengine kwa herufi za darasa la pili, na pembeni mama aliweka muda na maoni yake. Ukurasa wa mwisho unasema: "Alhamisi. Mpira 1. Umetoka saa 10:05. Umerudi saa 12:20. Una kidonda, nimeushona."