Labour na Ulaya: tazama nani ana madaraka nyumbani

Inaudhi kusoma kwa mara nyingine kwamba Jeremy Corbyn, kiongozi wa mrengo wa kushoto aliyekiongoza chama cha Labour cha Uingereza kuanzia 2015 hadi 2020, ndiye aliyekiambukiza chama hicho shaka juu ya Ulaya. Corbyn alibaki tu na msimamo ambao zamani ulikuwa wa wengi chamani.

Hesabu za 1975 zipo. Tarehe 9 Aprili, Harold Wilson, waziri mkuu wa Labour, alipeleka bungeni masharti mapya ya kubaki katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, mtangulizi wa Umoja wa Ulaya wa leo. Yalipita kwa kura 396 dhidi ya 170, na wapinzani ndio waliomwokoa, kwa sababu wabunge wake mwenyewe waliounga mkono walikuwa 137, waliokataa 145, na 33 hawakupiga kura. Mwezi huohuo mkutano maalumu wa chama ukakataa pia, takriban kura milioni 3.7 dhidi ya milioni 2. Mamilioni hayo yalitoka kwa vyama vya wafanyakazi: kiongozi mmoja aliinua kadi iliyobeba kura za wanachama wake wote. Baraza la mawaziri nalo liligawanyika 16 kwa 7, ikabidi Wilson alegeze kanuni ya uwajibikaji wa pamoja ili wale saba wampinge hadharani bila kujiuzulu. Tarehe 5 Juni wananchi wakaamua kubaki katika kura ya maoni, kwa asilimia 67.

Kwa nini saba hao walikataa? Mtazame Tony Benn, waziri wa viwanda. Alitaka serikali inunue hisa viwandani na kuvipa mtaji. Mkataba wa Roma, ulioianzisha Jumuiya, katika ibara ya 92 na 93 ulidai Kamisheni, chombo chake cha utendaji, iarifiwe kabla ya ruzuku kutolewa, nayo ilikuwa na uwezo wa kuizuia. Kwa mtu aliyeamini kwamba wafanyakazi wangeushika uchumi kupitia bunge lao, hicho kilikuwa kitanzi. Hoja yake ilistahili kujibiwa kwa uzito, na wengi hawakuijibu.

Hoja nyingine, kwamba kubaki Ulaya kungezitupa nchi za Jumuiya ya Madola, ilikuwa dhaifu zaidi. Mkataba wa Lomé, wa biashara na misaada kati ya Jumuiya ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, ulikwisha sainiwa tarehe 28 Februari mwaka huo, na Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwamo kati ya nchi 46.

Sasa ruka hadi Septemba 1988, Bournemouth, kwenye mkutano wa vyama vya wafanyakazi. Jacques Delors, rais wa Kamisheni, anawaahidi wajumbe ulinzi wa haki za kazi katika ngazi ya Ulaya, nao wanasimama kumshangilia. Miaka mitano tu kabla, ilani ya Labour iliahidi kujitoa. Kilichobadilika ni kwamba Labour ilikuwa imeshindwa chaguzi 3 mfululizo, na sheria za Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Conservative, zilikuwa zimevibana mno vyama vya wafanyakazi. Mlango wa Westminster, yaani bunge la Uingereza, ulipofungwa, wakabisha hodi Brussels, makao ya Kamisheni.

Hapo ndipo ninaposimama. Mrengo wa kushoto wa Labour uliiona Ulaya kama kizuizi ulipotarajia kuishika dola, na kama kimbilio ulipokata tamaa.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba Roy Jenkins, naibu kiongozi wa Labour wakati huo, hatoshei hapa. Oktoba 1971 aliongoza wabunge 69 wa Labour kupiga kura pamoja na serikali ya Conservative ili Uingereza iingie katika Jumuiya, na Aprili 1972 akaacha wadhifa huo kwa sababu ya suala hilohilo. Yeye aliamini kweli. Lakini hata kundi lake lilijua hila za bunge: muswada wa kuingia uliposomwa mara ya pili Februari 1972, lilipinga pamoja na chama, na muswada ukapita kwa tofauti ya kura 8 tu kwa kuwa wabunge wachache wa Labour hawakupiga kura.

Na Keir Starmer? Akiwa upinzani alipigania kura ya maoni ya pili, baada ya ile ya 2016 iliyoamua Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya. Mwaka 2024, akiwa kiongozi wa Labour, aliingia madarakani kwa wingi mkubwa wa viti, na ilani yake ikiwa imekataa kurudi katika soko la pamoja la Ulaya, umoja wa forodha na uhuru wa watu kuhama.