Nasomea Ugomvi

Asubuhi hii nimeamkia barua pepe kutoka Uingereza. Mwalimu wangu anauliza kama niko salama, na kama nahitaji kuzungumza na mshauri nasaha wa chuo. Huyo mshauri nasaha atanifikiaje Mbagala, kwa bodaboda?

Mimi, jamani, ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Migogoro, usalama na maendeleo ya kimataifa, kwa njia ya masafa. Nyumbani hakuna aliyeelewa hadi leo. Mama kijijini amewatangazia majirani kwamba mwanawe anasomea vita. Mjomba anauliza nitapangiwa kambi gani. Shemeji peke yake ndiye aliyesema la maana: "Yaani unalipa paundi kusomea ugomvi, na hapa kwetu tunaupata bure?"

Halafu ukiwa Mwafrika pekee darasani una kazi mbili: kusoma, na kuwa Afrika. Siku tulipofika azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la mwaka 2013, lile lililopeleka brigedi ya kushambulia mashariki mwa Kongo, wakiwemo askari wetu, mwalimu alinyamaza na skrini nzima ikanigeukia. Hebu wewe wa huko, tuambie hali ikoje. Mimi Kongo ninayoijua ni Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Na kule nako hali si shwari, shika suruali ya mtu halafu uondoke bila kununua uone.

Haya, jana. Saa tatu usiku, zamu yangu kuwasilisha mada: usuluhishi, dakika kumi. Laptop yangu betri ilishafariki, inaishi kwa waya. Juu nimevaa shati la kola, chini bukta. Nimefika kwa Galtung, yule Mnorwe aliyeandika mwaka 1969 kwamba kuna amani hasi, watu hawapigani basi, na amani chanya, ambapo hata dhuluma iliyojificha kwenye mfumo imeondoka. Nikakohoa kisomi. "Ndugu zangu, ukimya si amani."

Giza.

Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja ya LUKU. Nadhani hapo sina haja ya kueleza.

Nikajiunga upya kwa simu, nikaitumbukiza mfuko wa shati nitafute mshumaa. Hiyo simu tutairudia. Uani kikao kilishaanza.

"Nani hajatoa elfu tano yake?" Huyo Mama Friji, anauza barafu za ukwaju.

"Elfu tano tumetoa," akajibu Fundi Cherehani. "Tatizo kuna friji hapa halijui usiku wala mchana."

"Friji langu halili hata robo ya likompyuta la huyo msomi! Usiku kucha anaongea na Wazungu!"

Nikaona saa yangu imefika. Miezi minane ya ada haiwezi kwenda bure. Nikasogea katikati ya uani na mshumaa wangu.

"Majirani, tutenganishe misimamo na maslahi. Msimamo wa Mama ni Fundi alipe. Lakini maslahi ya Mama ni barafu zisiyeyuke."

"Na maslahi yako wewe?" Fundi akauliza.

"Mimi ni msuluhishi. Sina upande."

"Huna upande, una laptop!"

Uani mzima ukaangua kicheko. Mzee wa chumba cha mwisho, ambaye huwa haongei mpaka kodi ipande, akasema taratibu, "Kesi ya nyani, hakimu ngedere," akavaa kandambili zake akatoka nje.

Sikukata tamaa. Nikawapeleka Arusha. Nikawaeleza habari za mazungumzo ya amani ya Burundi: Mwalimu Nyerere alianza kazi, akafariki 1999, Mandela akapokea, tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukasainiwa. Pande 19! Sisi vyumba sita tunashindwa nini?

Mama Friji akatulia. Nikadhani nimempata.

"Walikaa mezani muda gani?"

"Kama miaka miwili hivi."

"Barafu zangu zikae miaka miwili?"

Ipo nadharia kwamba mgogoro huiva pale pande zote zinapoumia hadi zichoke. Nikaona basi, giza liwaivishe. Kumbe Fundi alishamaliza suti za watu tangu mchana, akaaga akalale. Anayeumia ni mimi na Mama Friji tu, na Mama Friji hakuiva, alilipuka: "Leo mtu atakufa humu ndani!"

Mfuko wangu ukajibu kwa Kiingereza, ukiuliza kama nina mahali pa kujificha.

Kumbe kipaza sauti kilikuwa wazi muda wote. Darasa zima lilikuwa uani na sisi. Mama Friji akanichomoa simu kifuani: "Haloo! Nyie ndio mnaoongea naye usiku? Mtumieni hela ya umeme!" Mwenzangu mmoja wa Kanada akaandika kwamba hajawahi kusikia mfano hai kama ule. Nikataka kujibu, bando likaisha.

Hapo ndipo mzee aliporudi kutoka nje, anapiga miayo. "Mtaa mzima hauna umeme. Mnagombana nini?"

Tukaenda kuangalia LUKU. Uniti 14.

Mimi nimechoka. Nalipa paundi kwa shilingi, kila nikigeuka paundi imepanda. Nanunua bando linaloishia katikati ya neno. Nasoma kurasa themanini kwa tochi ya simu, mbu wananisaidia kufunua, halafu ripoti ya 1994 ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, inaniambia usalama wa kweli ni mtu kuwa huru na hofu na uhitaji. Mimi niko huru na nini? Na insha ya maneno elfu tatu ni Ijumaa!

Basi Mama Friji akaona hasara ni hasara, akafungua friji, akatugawia barafu. Tukakaa kwenye ndoo kule gizani tunafyonza ukwaju, hata Fundi akaamka. Ulikuwa usiku mzuri, siwezi kukataa.

Sasa hivi ndiyo nimemaliza kumwandikia mwalimu kwamba niko salama, mlango ukagongwa. Mama Friji, na daftari. Ati barafu tatu, mia mbili mbili, mia sita.

Nilikula mbili. Ile ya tatu ilishayeyuka, nilikunywa. Hiyo ni juisi, na juisi hatukukubaliana bei.