Majuma ya Mwisho ya Bunge: Mfanyabiashara Mdogo kati ya Saint Paul na Nairobi

Ifikapo mwezi wa Mei, sisi wenye biashara ndogo hapa jimbo la Minnesota, Marekani, huingia katika majuma machache yanayoamua gharama zetu za mwaka unaofuata, na wengi wetu hatupo mahali ambapo uamuzi huo unafanyika. Nimeendesha duka la vyakula vya kwetu katika vitongoji vya Minneapolis kwa muda wa kutosha kuona jambo hili likijirudia, na kwa kuwa ndugu zangu wa Kenya nao wana biashara zinazotikiswa na Mswada wa Fedha, ule unaopanga kodi za mwaka, karibu miezi hiyo hiyo, nimekuwa nikilinganisha pande hizi mbili. Maoni yangu ni kwamba nchi zote mbili zimempa mfanyabiashara nafasi ya kusema, lakini hakuna hata moja iliyomhakikishia kwamba kifungu alichokitolea maoni ndicho kitakachopigiwa kura.

Katiba ya Minnesota hairuhusu Bunge la jimbo kuendelea na kikao cha kawaida baada ya Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei, na tena inakataza mswada wowote kupitishwa siku yenyewe ya kufunga kikao. Hivyo muda halisi humalizika saa sita usiku wa Jumapili. Kuna maseneta 67 na wawakilishi 134, na miswada ambayo ilijadiliwa mmoja mmoja katika kamati tangu majira ya baridi huunganishwa kuwa mikubwa kadhaa, kisha tofauti kati ya mabaraza mawili hupelekwa kwenye kamati za upatanishi. Kufikia hapo mwananchi ameshapoteza nafasi yake ya kuketi mezani na kutoa maoni. Wanaobaki ni washawishi wa kulipwa, ambao hukaa kwenye korido za jengo la Bunge, mjini Saint Paul, wakimwita mbunge nje ya ukumbi, wakisoma marekebisho yakiwa bado moto, na wakijua ni mfanyakazi yupi wa kamati anayeandika rasimu. Muuza duka hawezi kufunga duka siku tatu akasimame pale.

Mwaka 2024 jambo hili lilionekana waziwazi. Katika dakika za mwisho za Jumapili ya tarehe 19 Mei, miswada mbalimbali ilikusanywa ndani ya mswada mmoja wa kodi wenye zaidi ya kurasa 1,400 na ukapitishwa huku wabunge wa upande wa pili wakipiga kelele za kupinga. Hakuna binadamu aliyeusoma wote usiku ule. Katiba ya jimbo inasema sheria isibebe zaidi ya jambo moja, na mwaka uliofuata jaji wa Kaunti ya Ramsey alikifuta kipengele kimoja kinachohusu silaha kwa sababu hakikuhusiana na mada ya mswada huo. Sehemu nyingine zilibaki. Kwangu mimi hilo ni onyo ambalo wabunge wa vyama vyote wanapaswa kulichukua kwa uzito, kwa maana mfanyabiashara anayetii sheria anahitaji kwanza kujua inasema nini.

Hata hivyo, katika juma lile lile kulikuwa na mfano wa watu wa kawaida waliofanikiwa. Madereva wa Uber na Lyft, kampuni za usafiri wa kuitwa kwa simu, ambao wengi wao hapa ni Wasomali, Waoromo na watu wengine wa Afrika Mashariki, walikuwa wakidai kiwango cha chini cha malipo kinachoeleweka. Mwaka 2023 mswada wao ulipita, lakini Gavana Tim Walz akaukataa kwa kura yake ya turufu, ya kwanza tangu aingie madarakani. Hawakutawanyika. Walihamia kwenye Baraza la Jiji la Minneapolis, ambalo mwezi Machi 2024 lilipitisha viwango vyake juu ya pingamizi la meya, na kampuni hizo mbili zikatangaza kwamba zitaondoka jijini. Ni shinikizo hilo lililoyafikisha mazungumzo kwenye wikendi ya mwisho ya kikao, na tarehe 18 Mei makubaliano yakatangazwa: dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika, jimbo zima, kuanzia Januari 2025. Kampuni nazo zilipata zao, kwa kuwa sheria hiyo iliyanyima majiji uwezo wa kujiwekea viwango tofauti. Unaweza kulipenda au kulichukia patano lile, lakini madereva walikuwemo ndani yake kwa sababu walikuwa wamejenga chama, wamehesabu kura na kuzungumza na wabunge kwa vikao viwili mfululizo kabla ya usiku wa mwisho.

Sisi wenye maduka, saluni, nyumba za kulelea wagonjwa na migahawa hatukufanya hivyo. Sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo ilipitishwa mwaka 2023 na kuanza Januari 2024. Inamgusa hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja, na inampa mfanyakazi saa moja ya likizo kwa kila saa 30 za kazi. Naiunga mkono, kwa sababu nimewahi kuwa mwajiriwa asiyethubutu kuugua. Ninachosikitikia ni kwamba mambo yaliyohitaji sauti yetu, kama vile namna ya kutunza kumbukumbu za saa katika duka lisilo na karani, yalijadiliwa bila sisi. Chama cha Wafanyabiashara cha Minnesota kilikuwepo, lakini mashirika makubwa na duka la unga wa ugali hayana matatizo yaleyale.

Nyumbani Kenya, mtu anaweza kusema tumewashinda Wamarekani kwa maandishi. Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge liwezeshe umma kushiriki katika utungaji wa sheria. Mswada wa Fedha huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili, kamati ya fedha hualika maoni ya maandishi, husikiliza wadau na husafiri katika kaunti kadhaa, na sheria inapaswa kuwa tayari kufikia mwisho wa Juni. Muungano wa sekta binafsi, KEPSA, na chama cha wenye viwanda, KAM, hupeleka hoja zao zikiwa zimepangwa kifungu kwa kifungu. Lakini mama mwenye kibanda katika soko la Gikomba, Nairobi, hupata habari kutoka redioni, mara nyingi baada ya siku za kutoa maoni kupita.

Na tunajua ilivyokuwa mwaka 2024. Ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa magari, vilivyopendekezwa katika Mswada wa Fedha, viliondolewa tarehe 18 Juni, siku ambayo vijana walikuwa tayari barabarani. Wiki moja baadaye mswada ulipitishwa, waandamanaji wakaingia Bungeni, watu wakapigwa risasi na kuuawa, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia sahihi. Hakuna mfanyabiashara anayepaswa kufurahia kwamba kodi iliondoka kwa njia hiyo. Damu ile ilimwagika mahali ambapo meza ya kamati ilikuwa imeshindwa kufanya kazi yake.

Suala la vifungu vinavyoingizwa baada ya wananchi kusikilizwa lilifika mahakamani kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha, ikisema vifungu vipya vilihitaji kurudishwa kwa umma na kwamba Bunge linapaswa kutoa sababu za kukubali au kukataa maoni. Mwezi Oktoba Mahakama ya Juu ikaurudisha uhai wa sheria ile na kukataa kwamba hayo ni masharti ya lazima. Naiheshimu mahakama, lakini nadhani Bunge lenyewe linapaswa kujifunga kwa kanuni: kila kifungu kipya kichapishwe siku tatu kamili kabla ya kura, kwa Kiswahili pia, pamoja na jina la taasisi au mbunge aliyekiomba.

Upande mmoja naona Minnesota imetutangulia mbali. Tangu mwaka 1994 mshawishi haruhusiwi kumpa mbunge zawadi, na kikao kinapoendelea mbunge haruhusiwi kupokea mchango wa kampeni kutoka kwa mshawishi. Washawishi husajiliwa na bodi ya jimbo na orodha yao iko wazi. Kwetu, mfanyabiashara hujulikana na mbunge wake kwa kiasi anachotoa kwenye harambee, na mwakilishi wadi humkumbuka aliyechangia tisheti. Mswada wa fedha wa kaunti, ambao ndio unaopanga ada ya leseni ya kinyozi na ya duka la dawa, unapita katika mazingira hayo, na nadra mtu wa ughaibuni aliyejenga duka kule kwa pesa za kutuma anauliza ulipitaje.

Kwa hiyo wenzangu wa huku nawaomba tuanze mwanzoni mwa kikao, Januari au Februari kutegemea mwaka, kamati zinapofunguliwa, kwa kuandika barua za ukurasa mmoja zenye hesabu za biashara zetu halisi na kuzipeleka kwa seneta na wawakilishi wa wilaya zetu. Na ndugu aliye Kenya, ambaye mimi ni mshirika wake katika duka, nimeshamwambia kwamba safari hii kabla sijatuma pesa za leseni nataka anitumie kwanza nakala ya mswada wa kaunti na tarehe ya kikao cha kutoa maoni.